Jinsi ya kuchagua mashine ya utifuaji wima kwa shamba la nafaka lisilokatuliwa na lenye unyevu mwingi

Mkulima wa mahindi na soya wa kaskazini-magharibi mwa Ohio, nchini Marekani, ambaye ameacha kukatua ardhi kwa miaka mingi, huingia shambani mwezi wa Aprili akakuta mabua ya msimu uliopita yamelala kila mahali, udongo chini yake ni baridi na umelowa, na jirani anayepiga haro ameshaanza kupanda. Hapo ndipo wazo la kununua mashine ya utifuaji wima humjia. Mashine hii ina safu za disiki zinazosimama wima au karibu na wima, ambazo hukata mabua na kupasua sentimita chache za juu bila kuugeuza udongo kama plau inavyofanya. Katika Ukanda wa Mahindi wa Marekani ilienea mwanzoni mwa karne hii kama njia ya kati kwa mtu asiyetaka kurudi kwenye plau wala kuendelea kuyasubiri mabua yaoze yenyewe.

Mwongozo huu unamhusu mkulima wa aina hiyo peke yake, yaani mwenye udongo wa mfinyanzi, mvua nyingi kabla ya kupanda, na miaka kadhaa ya kutokatua ambayo hataki kuipoteza. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: katika shamba bichi, mashine huchaguliwa kwa kile inachokiacha chini ya udongo uliotifuliwa, na si kwa jinsi shamba linavyopendeza likitazamwa kutoka kwenye kiti cha trekta.

Hatua ya 1: Jua unyevu unatoka wapi

Sehemu kubwa ya eneo hilo la Ohio ilikuwa kinamasi kilichoitwa Great Black Swamp, hadi katika nusu ya pili ya karne ya 19 wakulima walipochimba mitaro na kuzika mabomba ya udongo wa kuchoma ili kuyaondoa maji. Udongo uliobaki, ambao wataalamu wanauita Hoytville, ni mfinyanzi mzito wenye rutuba, lakini hukauka polepole mno. Watafiti Glover Triplett na David Van Doren walipoanzisha majaribio ya kilimo bila kukatua mwaka 1962 na 1963, mashamba ya Wooster, sehemu nyingine ya Ohio ambako maji hushuka vizuri, yaliupokea mfumo huo vyema, ilhali yale ya Hoytville yalitoa mavuno pungufu, hasa palipopandwa mahindi juu ya mahindi. Mzunguko wa mazao ulilipunguza pengo hilo. Muuzaji wa mashine atakuambia kwamba adui ni mabua; majaribio hayo yanaonyesha kwamba aina ya udongo, njia ya maji na zao lililotangulia vina sauti kubwa vilevile.

Kwa hiyo, siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, chukua sepeto na uchimbe mashimo yenye kina cha sentimita 60 hivi, mengine mahali penye madimbwi na mengine mahali pakavu zaidi. Ikiwa maji yanajaa shimoni na kukaa humo siku kadhaa, tatizo lako ni mabomba ya chini ya ardhi yaliyoziba, yaliyovunjika au yasiyokuwapo kabisa, na hakuna disiki itakayolitatua. Ikiwa unakutana na tabaka lililoshindiliwa, na kipima ugumu cha udongo kinapita psi 300 (pauni kwa kila inchi ya mraba) wakati shamba lina unyevu wa kutosha, basi mizizi imezuiwa, na mashine inayofanya kazi kwenye sentimita 5 za juu haitaligusa tabaka hilo. Ikiwa, hata hivyo, udongo wa chini una hali nzuri na matundu ya nyungunyungu yanaonekana, ila sentimita chache za juu zimebaki mbichi chini ya blanketi la mabua, hapo ndipo utifuaji wima una hoja ya kusikilizwa.

Hatua ya 2: Pima kwanza dawa zilizo rahisi zaidi

Mabua mengi yanayolaumiwa Aprili yaliharibiwa mpangilio wake Oktoba, siku ya kuvuna. Kombaini yenye upana wa futi 40 ambayo hutawanya makapi kwenye futi 25 tu huacha mikanda minene inayokaa bichi wiki nzima baada ya maeneo mengine kukauka. Kurekebisha kisambaza makapi, kufunga magurudumu yenye meno ya kusafisha mstari mbele ya kila kitengo cha planta, yaani mashine ya kupandia, na kubadilisha magurudumu ya kufukia mbegu yawe ya miiba badala ya mpira laini, ni kazi ambazo kwa pamoja hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya mashine mpya. Zao la kufunika udongo kama nafaka ya rai nalo hunyonya maji mengi kabla ya kupanda, mradi mkulima awe na nidhamu ya kuliua kwa wakati.

Ipo pia dhana kwamba kukatakata mabua na kuyachanganya na udongo huyafanya yaoze haraka zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa walipolinganisha mabua ya mahindi chini ya njia mbalimbali za kutayarisha shamba, hawakuona ukatuaji ukiongeza kasi ya kuoza. Vipande vidogo vina kasoro nyingine: mvua kubwa huviinua na kuvirundika kwenye mabonde ya shamba au kwenye midomo ya mabomba.

Wasomaji wanaolima ngano Timau, Narok au Hanang wanaweza kuishia hapa. Udongo wa mbuga huwa na tabia zinazofanana na za Hoytville, kwa maana ya kunata ukilowa na kupasuka ukikauka, lakini mara nyingi kinachokosekana kwetu ni maji, na mabua yanayosalia shambani baada ya mifugo kupita ni machache kiasi kwamba kuyakata zaidi ni kujinyima kivuli cha udongo.

Hatua ya 3: Chagua disiki na pembe yake

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Jina la utifuaji wima limebandikwa kwenye mashine za aina mbili ambazo kazi zake chini ya udongo hazifanani hata kidogo.

Aina ya kwanza hutumia disiki bapa zenye mawimbi, zilizopangwa zikielekea mbele moja kwa moja bila pembe yoyote. Disiki huingia, hukata, hutikisa udongo kidogo pembeni na kutoka. Salford RTS ya Kanada ni mfano unaojulikana sana wa aina hii. Kila disiki yake imefungwa kwenye springi ya koili peke yake, nayo hutetemeka inapotembea. Aina ya pili hutumia disiki zilizobonyea kidogo, au safu zinazokaa kwa pembe, au vyote viwili. Hizi husogeza udongo upande, huchanganya mabua kwa nguvu na huacha uso mweusi unaovutia macho. Kati ya hizo mbili kuna mashine ambazo pembe ya safu hubadilishwa: Great Plains Turbo-Max huanzia nyuzi 0 hadi 6, Kuhn Krause Excelerator nyuzi 1 hadi 5, na John Deere 2660VT nyuzi 0 hadi 12.

Tofauti ya nyuzi chache inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini chini ya ardhi ndiyo inayoamua. Disiki iliyobonyea, au iliyowekwa kwa pembe, hubeba uzito wa mashine kwenye mgongo wake na kuusugua udongo wa chini inapopita. Udongo ukiwa mkavu hupasuka na hakuna madhara makubwa. Ukiwa mfinyanzi mbichi hausagiki, bali hulainika na kuziba, na kwenye kina cha sentimita 5 hadi 8 hujengeka sakafu ambayo mizizi michanga ya mahindi huifikia na kugeuka kwenda pembeni. Zaidi ya hayo, matundu ya wima ya nyungunyungu, ambayo mkulima asiyekatua amewekeza miaka kuyapata na ambayo ndiyo mifereji yake halisi ya maji, hukatwa na kuzibwa vinywa kwa mkupuo mmoja.

Kwa shamba bichi, basi, napendekeza mashine inayoweza kufanya kazi kwenye nyuzi 0, au karibu sana na hapo, ikiwa na disiki bapa. Kama unataka uwezo wa kuongeza pembe wakati wa kazi ya baada ya mavuno, udongo unapokuwa mkavu, nunua yenye kurekebishwa, lakini hakikisha marekebisho hayo hufanywa kwa haidroliki kutoka ndani ya kabini. Pembe inayobadilishwa kwa spana na boliti nyingi haitabadilishwa na mtu aliyechelewa kupanda.

Kuhusu mawimbi ya disiki, yaliyo mapana hutikisa udongo zaidi, lakini kwenye mfinyanzi mbichi hubeba tope na kulirusha kama matofali madogo ambayo yakikauka hayavunjiki. Mawimbi membamba na mengi hutoka yakiwa safi zaidi. Nafasi kati ya disiki nayo itazamwe pale ambapo safu ya mbele na ya nyuma zimeunganishwa: mashine nyingi huacha mpasuo mmoja kila inchi 7.5 hivi, yaani sentimita 19. Zilizobanana zaidi hukata mabua vizuri, lakini zinaposhika tope huziba haraka.

Hatua ya 4: Tazama kilichofungwa nyuma

Nyuma ya disiki hukaa meno ya haro, makapu ya vyuma yanayoviringika, au vyote viwili. Kwenye udongo mkavu makapu hayo huvunja mabonge na kusawazisha kitanda cha mbegu. Kwenye udongo mbichi hujaa tope, huacha kuviringika na kuanza kuburutwa, na hata yasipojaa hubonyeza uso ambao ulihitaji kubaki wazi ili upepo uukaushe. Sharti langu ni moja: makapu yaweze kuinuliwa kabisa kutoka ardhini kwa haidroliki huku disiki zikiendelea na kazi, na shinikizo lake liweze kupunguzwa hadi sifuri. Meno marefu ya springi yanayotandaza mabua hufanya kazi vizuri zaidi katika unyevu. Mashine yenye rola nzito za kushindilia zisizoweza kuondolewa haifai kwa shamba hili, hata ikitolewa kwa bei nzuri.

Hatua ya 5: Hesabu uzito, matairi na nguvu za trekta

Watengenezaji hujivunia uzito kwa kila futi ya upana, na wana sababu, kwa kuwa disiki bapa huhitaji uzito ili zizame kwenye ardhi ngumu. Shamba lako si gumu, hivyo unachohitaji ni mashine nyepesi kiasi ambayo uzito wa ziada huongezwa kwa vyuma vya kufunga na kufungua. Mzigo unaozidi tani 10 kwa ekseli moja unaweza kuushindilia udongo mbichi kwa kina ambacho hakuna mashine ya juu juu itakayokifikia, na mara nyingi mkosaji mkubwa ni trekta lenyewe.

Kadiria nguvu farasi 8 hadi 12 kwa kila futi ya upana. Mashine ya futi 30, ambayo ni mita 9 hivi, itahitaji trekta la kati ya nguvu farasi 240 na 360, kwa sababu kazi hii hufanywa kwa mwendo wa kilomita 13 hadi 16 kwa saa. Chini ya hapo disiki bapa hukata tu bila kutikisa kitu. Kwa mwendo huo, futi 30 humaliza ekari 28 hivi kwa saa ukihesabu na kugeuza. Usinunue upana mkubwa kuliko trekta ulilo nalo, kwani kuongeza trekta zito zaidi kwa ajili ya mashine inayodaiwa kuokoa udongo ni kujichimbia shimo. Matairi ya radia yaliyojazwa upepo kulingana na jedwali la mzigo, na magurudumu ya kupimia kina yaliyo mapana kwenye mbawa za mashine, ni mambo ya kuulizia kabla ya kujadili rangi na bei.

Hatua ya 6: Soma mkataba wako wa hifadhi ya udongo

Wakulima wengi wa Marekani wasiokatua hupokea malipo ya hifadhi kupitia idara ya shirikisho inayoitwa NRCS. Kanuni yake namba 329, inayohusu kilimo bila kukatua, huweka ukomo wa alama 20 za STIR, ambacho ni kipimo kinachojumlisha ukali wa kazi zote zinazougusa udongo kwa zao moja, kwa kuzingatia kina, mwendo, aina ya mashine na sehemu ya shamba inayoguswa. Kanuni hiyo pia haikusudii mashine inayopita shamba zima. Mashine ya utifuaji wima inaweza kukutoa kwenye kundi hilo na kukuingiza kwenye ukatuaji uliopunguzwa, ambao una kanuni na malipo yake. Peleka jina la mashine, kina na mwendo unaokusudia kwenye ofisi ya wilaya yako, na uombe jibu la maandishi kabla ya kutia saini popote.

Kwa wanaolima kwenye bonde la mto Maumee kuna jambo jingine la kupima. Mto huo huingia Ziwa Erie, na Agosti 2014 sumu ya mwani ilisababisha zaidi ya watu 400,000 wa Toledo na vitongoji vyake kukatazwa kunywa maji ya bomba kwa siku kadhaa. Mbolea ya fosforasi inayomwagwa juu ya shamba lisilokatuliwa hujikusanya kwenye sentimita za juu na huyeyuka na maji ya mvua, kwa hiyo kuichanganya kidogo na udongo kunaweza kupunguza sehemu hiyo inayoyeyuka. Lakini udongo uliolegezwa hubebwa na maji ukiwa na fosforasi yake. Mwenye shamba la mteremko na mwenye shamba tambarare hawatafikia uamuzi mmoja, na sioni ubaya wowote katika hilo.

Hatua ya 7: Ijaribu shambani kwako, kisha chimba

Usikubali maonyesho yanayofanyika kwenye shamba la muuzaji, ambalo kwa kawaida ni kavu na tambarare. Omba mashine iletwe kwako, ipite kwenye mikanda michache yenye upana wa mara mbili ya planta, na kati ya mikanda hiyo uache mingine isiyoguswa ili uilinganishe hadi siku ya kuvuna.

Kabla ya kupita, tandaza tepu ya futi 100 kwa mshazari juu ya mistari ya zamani, kisha hesabu ni alama ngapi za futi zimekaa juu ya kipande cha bua. Hesabu hiyo ndiyo asilimia ya udongo uliofunikwa. Rudia baada ya mashine kupita. Asilimia 30 baada ya kupanda ndiyo mpaka unaotambulika wa kilimo hifadhi nchini humo, na aliyetoka kwenye kutokatua angetaka kubaki juu zaidi ya hapo.

Kisha piga magoti. Ondoa udongo uliolegea kwa mikono na brashi laini kwenye eneo la upana wa mita moja, bila kutumia sepeto, hadi ufike kwenye udongo ambao mashine haikuutikisa. Mashine iliyofanya kazi wima itakuonyesha mipasuo myembamba iliyopangana, na kati ya mpasuo na mpasuo utaona uso wa zamani ukiwa mzima, wenye nyufa zake na matundu ya nyungunyungu yaliyo wazi. Mashine iliyofanya kazi kwa mgongo wa disiki itakuonyesha sakafu iliyonyolewa, yenye mabonde ya mviringo yanayofuatana, inayong'aa kama chungu kilichosuguliwa kwa kokoto kabla ya kuchomwa. Mwaga kikombe cha maji juu yake. Yakitulia hapo wakati mkanda usioguswa unayanywa, una jibu, na hakuna punguzo la bei linaloweza kulibadilisha.

Hatua ya 8: Weka kanuni ya siku ya kuingia shambani

Mashine bora kabisa itaharibu shamba ikiingizwa siku isiyofaa. Chukua udongo kutoka sentimita 2 au 3 chini ya kina unachokusudia, si wa juu ambao jua limeshaupiga, na uviringishe kati ya viganja hadi uwe uzi wenye unene wa milimita 3. Uzi ukikatika kabla ya kufikia wembamba huo, unaweza kuingia. Ukinyooka bila kukatika, zima injini. Mwaka 2019, ambapo mvua zilizuia kupandwa kwa zaidi ya ekari milioni 19 nchini Marekani, na Ohio ikiwa miongoni mwa majimbo yaliyoumia sana, kishawishi cha kutumia disiki kukausha mashamba kilikuwa kikubwa. Kutifua hukausha sentimita za juu peke yake. Mvua ikirudi kabla ya planta kupita, tabaka hilo lililolegea hunywa maji na kuyashika, na shamba huwa baya kuliko lilivyokuwa.

Kwa sababu hiyo, wengi wenye udongo wa Hoytville wangefaidika zaidi kwa kutifua wakati udongo umekauka mara tu baada ya kuvuna, na kwa kufanya hivyo kwenye mashamba yaliyotoka mahindi tu. Mabua ya soya ni machache na hayana sababu ya kuguswa.

Hatua ya 9: Kagua kabla ya kulipa

Kwa mashine iliyotumika, pima kipenyo cha disiki kadhaa katika kila safu na ulinganishe na kipimo cha kiwandani, ambacho kwa nyingi ni inchi 20 hadi 22. Safu iliyobadilishwa disiki chache tu itachimba kina tofauti kila sehemu. Inua mashine, zungusha kila safu kwa mkono na usikilize beringi. Inayokwaruza itakufa katikati ya msimu. Angalia nyufa kwenye maungio ya fremu karibu na bawaba za mbawa, na utilie shaka rangi mpya iliyopakwa mahali pamoja tu. Nyoosha mbawa zote ukiwa kwenye sakafu ya saruji, kisha pima umbali wa kila disiki hadi chini.

Kwa mashine mpya, omba bei ya seti nzima ya disiki za kubadilisha iandikwe kwenye ankara ileile ya ununuzi, pamoja na muda ambao muuzaji atachukua kuleta beringi mwezi wa Aprili, kwa kuwa huo ndio mwezi ambao kila mteja wake mwingine atakuwa anazitaka pia.